Uliza Fundi: Wanataka kunifungia mita janja, nikubali au nijifanye sipo nyumbani?

Wiki hii meseji karibu zote ni mita, mita, mita, basi nimeona ukurasa wote uwe wa mita tu. Wa pampu na mafriji mnivumilie mpaka toleo lijalo, sijawasahau.

SWALI: Shikamoo mjomba fundi. Mi ni mama wa watoto wawili, kampuni ya umeme imeshanitumia meseji tatu wanataka waje wanitolee mita yangu ya zamani, ile ya kisahani kinachozunguka, wanifungie smati mita bure. Mume wangu anasema tukubali haraka maana bili itashuka, mama mkwe anasema hiyo kitu ni kamera ya kutuchungulia. Mi nipo katikati hapa sijui nimsikilize nani. Nijibu kabla hawajatuma ya nne. (Mama wa Wawili)

JIBU: Marahaba mwanangu. Wote wawili wamekosea ila mama mkwe kakosea kidogo kuliko mumeo, na naomba hii sentensi usimsomee mumeo.

Tuanze na hiyo bili. Mita haipunguzi umeme hata kidogo, mita ni karani tu, kazi yake kuandika ulichotumia basi. Hicho kisahani chako ni teknolojia ya mwaka 1889, mhandisi mmoja wa Hungaria anaitwa Ottó Bláthy ndo aliyesajili mita ya namna hiyo, na imedumu zaidi ya karne kwa sababu haina mambo mengi, umeme ukipita kisahani kinazunguka, ukipita mwingi kinazunguka mbio, mwisho wa mwezi anakuja mtu anasoma namba anaondoka. Mita janja, ndo hiyo smati mita, inafanya ukarani huohuo ila haina kisahani, inapima kielektroniki, inaandika umetumia kiasi gani kila nusu saa au kila dakika 15 kutegemea walivyoipanga, halafu inajitumia yenyewe kwenda kampuni, iwe kwa mtandao wa simu, kwa redio ya kwao wenyewe au kupitia nyaya zilezile za umeme. Sasa hapo niambie ni wapi bili imeguswa. Haijaguswa popote.

Inayoweza kuigusa ni wewe. Nchi nyingine mita inakuja na kiskrini cha kuweka mezani au inaonekana kwenye simu, unaona sasa hivi nyumba inakula wati ngapi, ukiwasha birika namba inaruka juu, ukizima inashuka, na hapo ndo mtu anashtuka kwamba usiku wote wamelala, kila kitu kimezimwa, bado nyumba inakula wati 150, sasa anaanza kuwinda, kumbe ni king'amuzi na spika na chaja na friji la pili ambalo ndani lina chupa mbili za maji. Wati 5 tu zikikaa mwaka mzima ni yuniti karibu 44, kwa hiyo uwindaji una faida yake. Lakini ni kiasi gani? Uingereza walifanya majaribio kati ya 2007 na 2010 kwa kaya zaidi ya 60,000, na kwa waliopata mita janja pamoja na kiskrini akiba ya umeme ilicheza kama asilimia 2 au 3. Siyo nusu ya bili, siyo robo, ni 2 au 3, tena kwa wale wanaokiangalia. Kiskrini kikiingia kabatini na hiyo 3 imeingia nayo.

Kwa hiyo mumeo mwambie hivi: bili itashuka kama yeye ndo atakuwa mtu wa kuzima taa. Tuone.

Sasa mama mkwe. Kamera hamna, wala maiki hamna. Ila hesabu ya kila nusu saa ni hesabu 48 kwa siku, 17,520 kwa mwaka, na ukizipanga kwenye mchoro zinasimulia maisha ya watu vizuri sana, mnaamka saa ngapi, nani anabaki nyumbani mchana, lini mmesafiri, lini mna wageni. Na kuna mtu anaitwa George Hart, pale chuo cha MIT Marekani, tangu miaka ya 1980 alionyesha kwamba ukipima mfululizo kwenye mita moja tu unaweza kutambua ni kifaa gani kimewashwa ndani bila kuingia ndani, maana friji lina mtindo wake wa kuvuta umeme na hita ina wake. Kwa nusu saa nusu saa huwezi kuona kwa undani huo, kwa sekunde kwa sekunde unaweza. Ndo maana swali zuri siyo "inanichungulia au hainichungulii", swali ni inatuma kila baada ya muda gani na nani anasoma.

Na wala asidhani ni woga wa wazee peke yao. Uholanzi serikali ilitaka kuzifanya lazima kwa kila nyumba, mwaka 2009 baraza lao la juu la bunge likakataa kwa sababu hiyohiyo ya faragha, ikabidi waifanye hiari. Marekani nako wakazi wa mji wa Naperville walienda mahakamani kuhusu mita zinazosoma kila dakika 15, na mwaka 2018 mahakama ya rufaa ikasema ndiyo, kukusanya data kama ile ni upekuzi wa nyumba kisheria, ila ikaongeza kwamba ni upekuzi unaokubalika kwa kazi ya umeme. Yaani mama mkwe alishinda hoja akashindwa kesi.

Jambo la tatu hamjalitaja na mimi ndo linaninyima usingizi kuliko hayo mawili: mita nyingi za aina hii zina swichi ndani, umeme wako unaweza kukatwa na mtu aliyekaa ofisini bila kupanda nguzo wala kukugongea, na nyingine zinaweza kugeuzwa kutoka bili ya mwisho wa mwezi kuwa ya kulipia kabla, hukohuko kwenye kompyuta. Uingereza iliwatokea wateja wengi wenye madeni, kelele zikawa kubwa, Februari 2023 wasimamizi wao wa nishati, Ofgem, wakaziambia kampuni zisimamishe kwanza kuwawekea watu mita za kulipia kabla kwa nguvu. Kama nyumbani kuna mtu anayetegemea mashine ya oksijeni, au dawa zinazokaa kwenye friji kama insulini, hilo ulizia kwanza kabla hata ya bei, na upate jibu la maandishi.

Halafu kuna mambo ya bei ya saa. Mita ya kisahani haijui ni saa ngapi, janja inajua, kwa hiyo kampuni inaweza kukuuzia yuniti kwa bei moja jioni na nyingine usiku wa manane. Kwa mtu mwenye gari la umeme au tangi kubwa la maji ya moto hiyo ni neema, anaweka taima inachaji watu wamelala. Kwa mama wa wawili ambaye lazima apike jioni na apige pasi yunifomu jioni sioni neema iko wapi. Na ukiletewa mpango ambao bei inafuata soko moja kwa moja, kimbia, au angalau soma mara tatu, maana Texas Februari 2021 baridi kali iliangusha mitambo, bei ya jumla ikapanda mpaka dola 9 kwa yuniti, na waliokuwa kwenye mpango wa aina hiyo wakapata bili za maelfu ya dola kwa siku chache. Mita zao hazikukosea kitu, ziliandika kilekile kilichotumika.

Unajiuliza basi bure ya nini? Bure kwa sababu inawafaa wao, na siyo dhambi kumfaa mtu ila ni vizuri ujue. Italia walianza mapema mno, kampuni ya Enel ilianza kuzifunga 2001 na ndani ya miaka michache zikawa zaidi ya milioni 30, na sababu kubwa haikuwa kumsaidia mtu aone wati za birika, ni kuacha kutuma wasoma mita, kukamata wizi wa umeme, kukata na kurudisha kwa mbali. Umeme ukikatika mtaani nazo zinawasaidia kujua hitilafu imeanzia wapi, na hapo na wewe unafaidi.

Mi ningekuwa wewe ningekubali. Nasema hivyo kwa sababu bili za kukadiria, zile za "msomaji hakukukuta nyumbani tumekuandikia kama mwezi uliopita", zimewaumiza watu wengi kuliko data yoyote, na hizo mita janja inazimaliza ikiwa inawasiliana vizuri. Lakini ningekubali kwa kuuliza kwanza: inatuma kila lini na je naweza kuchagua itume mara moja kwa siku au kwa mwezi (Uingereza mteja anachagua, sehemu nyingine huulizwi), data inakaa muda gani na wanampa nani, bei yangu inabaki ileile au kukubali mita ni kukubali na mpango mpya, ina swichi ya kukata au haina, na nikikataa inakuwaje. Hilo la mwisho ulizia hata kama umeshaamua kukubali. Kuna nchi ni hiari kabisa, kuna nchi ukitumia sana inakuwa lazima, Ujerumani kwa mfano mstari wameuweka kwenye yuniti 6,000 kwa mwaka, na kuna nchi mita ni mali ya kampuni wanabadilisha wanavyotaka na unachoweza kujadili ni siku ya kuja tu.

Siku wakija, piga picha mita ya zamani namba zikionekana, piga na mpya kabla fundi hajaondoka. Hilo nitaligusa tena huko chini kwa sababu najua hamtafanya.

SWALI: Hujambo kijana. Nina umri wa miaka 71. Mita yangu ipo ukutani, na upande wa pili wa ukuta ule ndipo kilipo kitanda changu. Nasikia hizi mpya zinatoa mionzi. Pia, mtandao ukipotea si nitaandikiwa bili ya kubuni? (Mstaafu)

JIBU: Sijambo mzee wangu, shikamoo.

Mionzi yenyewe ni mawimbi ya redio, ndugu wa yale ya simu. Mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliyaweka mawimbi hayo, ya simu na mengine yote, kwenye kundi la 2B, maana yake "huenda", ushahidi ni mdogo haujathibitisha. Sikwambii ni sifuri, ila linganisha: simu unaibana sikioni unaongea, mita inatuma vipande vifupi vifupi mara chache kisha inanyamaza, muda mwingi wa siku iko kimya. Na mawimbi yanapungua haraka ukisogea, kutoka umbali wa sentimita 50 kwenda sentimita 200 nguvu inabaki kama sehemu moja ya 16. Kwa hiyo kama moyo hautulii, sogeza kitanda upande wa pili wa chumba, ni bure na inamaliza ubishi. Unaweza pia kuwauliza kama ya kwenu inatuma kupitia nyaya za umeme, zile za kwanza za Italia zilifanya hivyo, hazikupiga kelele hewani.

Mtandao ukipotea mita haiachi kuhesabu, inaweka kwenye kumbukumbu yake na kutuma baadaye. Shida ni ikipotea jumla. Uingereza kizazi cha kwanza cha hizi mita kilikuwa na aibu moja, mteja akihama kampuni mita inapoteza ujanja wake, inarudi kuwa bubu kama ya zamani, mpaka zikaanza kuhamishiwa kwenye mtandao mmoja wa pamoja. Na sasa wana kibarua kingine, nyingi zinatumia mitandao ya 2G na 3G ambayo kampuni za simu zinaizima, inabidi kifaa cha mawasiliano kibadilishwe. Kwa hiyo waulize yako inatumia mtandao gani, na ujue namna ya kusoma namba mwenyewe kwa kubonyeza kitufe. Mzee wa 71 anayejua kusoma mita yake hababaishwi na mtu wa kaunta.

SWALI: Fundi mambo vipi, mi nashangaa watu wanaogopa nini, mi mita ya tokeni ninayo miaka saba sasa naingiza namba 20 umeme unakuja, si ndo smati mita hiyo? (Mzee wa Tokeni)

JIBU: Poa ndugu yangu. Hapana, hiyo siyo, na watu wengi sana wanachanganya.

Mita ya tokeni ya kawaida haiongei na mtu. Zile namba 20 ni ujumbe uliofungwa kwa kufuli la siri, ndani yake kuna kiasi cha yuniti na muda tokeni ilipotengenezwa, na ufunguo wa kufuli ni wa mita yako peke yake ndo maana tokeni yako haifanyi kazi kwa jirani. Wewe ndo tarishi, unaibeba kutoka kwenye simu mpaka kwenye vitufe. Kampuni inajua umenunua ngapi, haijui umetumia saa ngapi usiku.

Utakumbuka lile zoezi la 2024 la kuingiza tokeni za ziada kabla ya ile ya umeme. Lilitokana na huo muda wa ndani ya tokeni, unahesabiwa kwa dakika kuanzia 1993 kwenye nafasi inayotosha dakika milioni 16 na kitu tu, zikawa zinaisha tarehe 24 Novemba 2024, na kwa kuwa mita haiongei na ofisi hakukuwa na namna ya kuirekebisha kwa mbali, ikabidi kila mtu asimame mbele ya mita yake abonyeze. Ingekuwa janja ingefanyiwa usiku umelala. Kuna sasa hivi za tokeni ambazo pia ni janja, yuniti zinaingia zenyewe ukishalipa, hizo ni mseto, na maswali niliyompa Mama wa Wawili yanakuhusu kama yalivyo.

SWALI: Sisi wapangaji sita tunatumia mita moja, kila mwezi ugomvi wa nani katumia zaidi. Smati mita itatutenganishia? (Chumba Namba Nne)

JIBU: Haitatenganisha. Itawaonyesha saa ngapi nyumba nzima imekula, haitasema ni chumba gani, ugomvi utabaki palepale ila sasa utakuwa na grafu. Mnachohitaji ni mita ndogo kwa kila chumba, inafungwa na fundi mwenye leseni baada ya mita kubwa, tena kwa idhini ya mwenye nyumba. Na mita kubwa kubadilishwa ni uamuzi wa mwenye jina kwenye mkataba wa umeme, kama ni yeye mwenye nyumba basi mpelekeeni yeye.

SWALI: Nyie mafundi mmetudanganya. Nilifunga mwezi wa pili, bili imepanda na hatujaongeza hata taa moja. Hiyo mita inaiba. (Nimechoka)

JIBU: Pole sana, na sikuiti mwongo.

Kabla ya wizi angalia mambo matatu ya kawaida. Kisahani kikizeeka kinaweza kuwa kizito, kikawa kinazunguka pole pole, yaani ulikuwa unaipunja kampuni bila kujua na sasa umeanza kulipa unachotumia. La pili, kama zamani walikuwa wanakadiria, bili ya kwanza ya kweli inaweza kubeba deni la miezi ya nyuma, na hapa ndo ile picha ya mita ya zamani inahitajika, bila picha ni neno lako na lao. La tatu angalia bei kwa yuniti, siyo jumla, huenda mpango umebadilishwa.

Mita yenyewe kukosea inawezekana pia. Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, walichapisha vipimo mwaka 2017, kati ya mita 9 za elektroniki 5 zilisoma juu mno, moja ilifika asilimia 582 juu ya ukweli, na mbili zilisoma chini kwa asilimia 30. Ila walizibana makusudi kwa mzigo mchafu, taa za LED na za kubana matumizi pamoja na dima (swichi za kupunguza mwanga) zinazokatakata umeme, nyumba ya kawaida haiko hivyo saa zote. Kama una dima za bei ya kutupa, zichomoe kwa wiki moja uone.

Halafu jipimie. Zima kila kitu ndani, chomoa na friji. Tazama kile kitaa chekundu cha kwenye mita, kikiendelea kukonyeza na kila kitu kimezimwa kuna kitu kinavuta au kuna mtu kaunganisha, hapo ita fundi usiguse mwenyewe. Kikitulia, sawa. Usoni mwa mita pameandikwa inakonyeza mara ngapi kwa yuniti moja, nyingi ni 1000. Jaza maji kwenye birika la umeme lililoandikwa wati 2000, liwashe peke yake kwa dakika 3 hasa huku mwenzako anahesabu, inatakiwa ikonyeze kama mara 100. Umeme wenu ukiwa mdogo siku hiyo utapata 85 au 90, usilalamike. Ukipata 150 au zaidi, rudia siku nyingine, ukipata tena andika tarehe na namba zote, rekodi video, upeleke ombi la mita kupimwa rasmi, na uulize mapema nani analipa gharama ya kupima kama ikionekana ni nzima.

Mkinitumia picha za mita zenu, na hapo nawasema wote na siyo Nimechoka peke yake, mzibe ile namba ndefu ya mita na karatasi. Wiki iliyopita mmoja kanitumia mita, bili, jina na namba ya akaunti kwa mpigo, halafu chini ameuliza eti faragha yake iko salama.